Visiwa vya Zanji katika Kamusi ya Yakut

Mwaka 615 wa Hijra (1218), katika baraza ya wanachuoni mjini Merv, Khorasani, paliulizwa habari za Hubasha, soko la Waarabu wa zama za Ujahili lililotajwa katika Hadithi. Yakut bin Abdallah al-Hamawi alilisoma jina hilo kwa irabu ya u. Mtu mmoja akashikilia kuwa ni a, Habasha. Yakut akatafuta ushahidi vitabuni asiupate, na Merv ulikuwa mji wenye maktaba kumi za wakfu, zilizomwazima kiasi cha vitabu 200 kwa mara moja, vingi vyao bila ya rehani. Ndipo alipoazimia kutunga Mu'jam al-Buldan, kamusi ya nchi na miji.

Wamongoli waliuangamiza Merv mwaka 1221, naye alikuwa amekwisha kukimbia. Nakala ya kwanza ya kamusi aliimaliza Halab mwaka 1224.

Miongoni mwa makala hizo mna mbili fupi zihusuzo visiwa vya Zanji. Ya kwanza ni ya Lanjuya, yaani Unguja: makao ya mfalme wa Zanji, ambako merikebu hufika kutoka kila upande. Watu wake, asema, sasa wamehamia kisiwa cha Tumbatu, ambacho wenyeji wake ni Waislamu. Na uko mzabibu uzaao mara tatu kwa mwaka. Ya pili ni ya Kisiwa cha Kijani, ndicho Pemba, chenye miji miwili, kila mmoja na sultani wake asiyemtawala mwenziwe.

Yakut hakuviona visiwa hivi. Katika ujana wake, alipokuwa mtumwa wa mfanyabiashara wa Baghdad, safari zake za baharini zilimfikisha Kish katika Ghuba. Habari za Pemba alipewa na sheikh mmoja wa Basra, Abd al-Malik al-Hallawi, aliyefika huko na ambaye Yakut amwita mkweli. Basi hata neno "sasa" katika habari ya Tumbatu lisichukuliwe kwa haraka kuwa ni la mwaka 1224. Laweza kuwa "sasa" ya msimulizi.

Kwa mtaalamu wa lugha, majina yana thamani kuliko mzabibu. Tumbatu limeandikwa kwa nuni mbele ya be, na nuni ya namna hiyo hutamkwa mim. Kwa hiyo mwandiko haupingani na matamshi ya wenyeji. Miji ya Pemba ni Mtnby na Mknblu, ambayo wengi huiona kuwa Mtambwe na Mkumbuu. Al-Masudi, aliyefika pwani hiyo kwa mara ya mwisho mwaka 304 (916-917), aliandika Kanbalu, pasipo mim. Ikiwa mji ni mmoja, yawezekana kwamba sikio la mtu wa Basra lilinasa kiambishi cha Kibantu ambacho al-Masudi hakukiandika. Mtu aweza kujibu kwamba ni kosa la mnakili. Lakini mim iyo hiyo imo katika jina la pili, na Mtambwe Mkuu, upande wa magharibi wa Pemba, ingali inaitwa hivyo hata leo.