Vinasaba vyatenganisha ndege wanaofanana milima ya Kilosa

Na Mwandishi Wetu

NDEGE wanaweza kufanana kwa umbo na kukaribiana kwa rangi, kumbe ni spishi tofauti. Hilo lilidhihirika katika milima ya Rubeho na Ukaguru, upande wa Kilosa mkoani Morogoro na Mpwapwa mkoani Dodoma.

Mwaka 2004, wanasayansi Pamela Beresford, Jon Fjeldså na Jacob Kiure walitangaza spishi mpya, Sheppardia aurantiithorax, yaani mwenye kifua cha rangi ya chungwa. Ndege huyo mdogo wa msituni ana ndugu wawili wa karibu: Sheppardia montana wa Usambara Magharibi, aliyetambuliwa mwaka 1907, na Sheppardia lowei wa Udzungwa na nyanda za juu kusini, aliyetambuliwa mwaka 1941.

Pamoja na rangi na vipimo vya mwili, wataalamu hulinganisha vinasaba. Vile vya mitokondria, ambavyo kifaranga hurithi kwa mama, husomwa kutoka katika sampuli ndogo ya damu au nyama. Tofauti zikiwa nyingi, ni dalili kwamba makundi hayo yametengana muda mrefu bila kuzaliana.

Mwaka huohuo wa 2004, uchunguzi ulioongozwa na Rauri Bowie uliwahusu ndege aina ya chozi. Chozi wa Moreau, anayepatikana Nguru, Ukaguru, Rubeho na Uvidunda, safu iliyo jirani na Mikumi, aliwahi kudhaniwa kuwa chotara wa chozi wengine wawili. Vinasaba havikuunga mkono dhana hiyo.

Chanzo cha utengano huo ni mazingira. Milima ya Tao la Mashariki hupata unyevunyevu kutoka Bahari ya Hindi, hivyo misitu yake imedumu kwa muda mrefu sana. Katikati yake yamo mabonde na mbuga kavu. Kwa ndege aliyezoea kivuli cha msitu wa mlimani, mbuga hiyo ni sawa na bahari kwa asiye na chombo.

Matokeo hayo yana uzito katika hifadhi. Ndege wote wangehesabiwa kuwa aina moja, msitu wa Rubeho ukifyekwa kwa kilimo au kuteketea kwa moto, ingeonekana kwamba wengine wamesalia Udzungwa na Usambara. Vinasaba vimeonyesha vinginevyo: misitu ya Rubeho na Ukaguru ikitoweka, ndege huyo hana makao mengine duniani.