Fahamu alama zinazozikwa ardhini kuonyesha bomba na nyaya zilipo

Umeshaona barabara inapanuliwa, katapila inachimba, ghafla maji yanaruka juu kama chemchemi? Mtaa mzima unabaki bila maji. Siku nyingine kinachokatwa ni faiba, na simu zinabaki zinazungusha tu bila intaneti.

Mara nyingi tatizo si uzembe wa dereva. Ni kwamba hakuna aliyejua bomba au waya umepita wapi. Aliyeuzika alishahama kazi, ramani haionekani, na mti uliotumika kama alama ulikatwa zamani.

Kuna teknolojia iliyotengenezwa kwa ajili ya shida hiyo: alama za sumakuumeme.

Kwa nini isitumike detekta ya chuma tu?

Kwa bomba la chuma au waya wa shaba, inawezekana. Kuna vifaa vinavyonasa chuma au umeme unaopita ndani ya waya.

Lakini mabomba mengi ya maji siku hizi ni ya plastiki, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Faiba nayo hupitisha mwanga kwenye nyuzi za kioo, si umeme. Kama haina chuma ndani, detekta inapita juu yake kimya.

Rada ya kupenya ardhini inaweza kusaidia, ila kwenye udongo wa mfinyanzi au ulioloa maji uwezo wake hushuka sana.

Alama hizi zinafanyaje kazi?

Ndani ya alama kuna vitu viwili vikubwa: koili ya waya na kapasita. Hakuna betri. Vimefungwa ndani ya gamba la plastiki lisilopitisha maji.

Fundi anapotaka kuitafuta, anapita juu ya ardhi na kifaa chenye antena. Kifaa kinatuma mawimbi ya sumaku kwa sekunde ndogo sana, kisha kinanyamaza na kusikiliza.

Fikiria mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma kwa mdundo unaofaa, ataendelea kubembea hata ukiacha. Koili iliyozikwa hufanya hivyo hivyo. Ikipata mawimbi ya masafa yake, inatetema na kurudisha mawimbi kidogo. Kifaa kinayanasa na kupiga mlio. Mlio ukiwa mkali zaidi, ujue alama iko chini ya antena.

Kwa kuwa nguvu yote inatoka juu, hakuna betri ya kuisha. Alama inaweza kukaa ardhini miaka mingi na bado ikaitika.

Kanuni hii si ngeni. Baadhi ya vibandiko vya kuzuia wizi madukani, vile vinavyolia mlangoni, navyo vina koili na kapasita.

Kila huduma na rangi yake

Sasa fundi atajuaje kama alichopata ni maji au umeme? Kila huduma ina masafa yake na rangi yake. Mpangilio uliozoeleka Marekani ni huu:

- Umeme: nyekundu, kilohezi 169.8
- Maji safi: bluu, kilohezi 145.7
- Maji taka: kijani, kilohezi 121.6
- Simu: rangi ya chungwa, kilohezi 101.4
- Gesi: njano, kilohezi 83

Ni kama kutafuta stesheni ya redio. Kifaa kikiwekwa kwenye masafa ya gesi, alama ya maji haiitiki hata kama iko hapo hapo.

Aina na kina

Alama huja kwa maumbo tofauti. Ndogo za karibu na uso wa ardhi husomeka hadi kama sentimita 60. Zenye umbo la mpira husomeka hadi kama mita 1.5. Zile kubwa za duara husomeka hadi kama mita 2.4.

Ya mpira ina ujanja wake. Koili ndani yake inaelea kwenye kimiminika, hivyo hata ukiutupa mpira mtaroni vibaya, koili hujilaza yenyewe sawasawa. Za duara bapa lazima zilazwe vizuri, la sivyo mlio utampoteza fundi.

Zipo pia zenye chipu. Hizi hutunza namba ya utambulisho na maelezo mafupi, kwa mfano mwenye bomba, aina yake na kina chake. Fundi anasoma bila kufukua chochote.

Zinawekwa wapi?

Alama inaonyesha nukta moja, si mstari mzima. Kwa hiyo huwekwa sehemu muhimu: kwenye kona, maungio, valvu, matoleo ya kuelekea kwa wateja, na pande zote mbili pale bomba linapovuka barabara.

Kwenye mstari mrefu ulionyooka huwekwa kila baada ya umbali fulani, ili fundi aunganishe nukta hadi nukta.

Mapungufu yake

Kwanza, lazima iwekwe wakati mtaro uko wazi. Bomba lililozikwa miaka 20 iliyopita bila alama halitaitika leo.

Pili, ardhi ikijazwa kifusi kingi baadaye, alama inaweza kuwa chini mno isisikike.

Tatu, ikiwekwa karibu sana na chuma, mawimbi yake huvurugika. Alama mbili za masafa yale yale zikikaribiana nazo humchanganya fundi.

Nne, haisemi kama bomba ni zima au bovu. Inasema tu: mimi niko hapa.

Madhara ya kuchimba bila kujua

Julai 30, 2004, bomba kubwa la gesi lililipuka eneo la viwanda la Ghislenghien, Ubelgiji. Watu 24 walikufa na zaidi ya 130 wakajeruhiwa. Bomba lilikuwa limeharibiwa na mashine wakati wa ujenzi kabla ya siku hiyo, halafu likashindwa kuhimili presha ilipopandishwa.

Mwaka 2011, sehemu kubwa ya Armenia ilikosa intaneti kwa saa kadhaa baada ya faiba kukatwa katika nchi jirani ya Georgia. Iliripotiwa kuwa aliyeikata alikuwa mama mzee aliyekuwa akichimba kutafuta vyuma chakavu.

Alama peke yake isingezuia kila ajali. Ndiyo maana Marekani, tangu 2007, anayetaka kuchimba hupiga kwanza namba 811, kisha wenye mabomba na nyaya huja kuonyesha zilipo. Alama ya ardhini huwasaidia kutoa jibu la uhakika.

Kwako unayejenga

Huna kifaa hicho? Kabla ya kufukia mtaro wa bomba la nyumbani, piga picha ukiwa wazi, pima umbali kutoka kwenye ukuta au kona ya nyumba, andika kina, na laza utepe wa rangi juu ya bomba.

Na ukichimba eneo lenye huduma za umma, uliza kwanza mamlaka ya maji, umeme na kampuni za simu. Ukikaribia bomba au waya, pumzisha katapila, chukua sepetu na uchimbe taratibu kwa mkono. Hata fundi mwenye kifaa cha kisasa hufanya hivyo.