Ulezi wa yatima: Sheria yatofautisha kulea na kuwa mlezi halali

KATIKA familia nyingi nchini, suala la nani atawalea watoto walioachwa na marehemu huamuliwa matangani. Wazee hukaa kikao, shangazi akajitolea kumchukua kifungua mimba, ami akamchukua wa pili, na nyanya akabaki na kitinda mimba. Hakuna karatasi inayotiwa sahihi, na aghalabu hakuna anayeona haja ya kufanya hivyo.

Utaratibu huo wa ukoo umewaokoa watoto wengi wasirandarande mitaani. Hata hivyo, kasoro yake hudhihirika siku ambapo mlezi anatakiwa kufuatilia pesa za marehemu katika benki, kudai mafao yake kazini au kuzuia shamba la watoto lisiuzwe na jamaa wenye tamaa. Hapo ndipo hugundua kwamba kumlea mtoto ni jambo moja, na kutambuliwa na sheria kuwa mlezi wake ni jambo jingine.

Sheria inayohusika zaidi ni Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kutumika Julai 26, 2022 na kuchukua nafasi ya ile ya 2001. Msingi wake ni Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010, kinachosema kuwa maslahi ya mtoto ndiyo yanayopewa uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu. Mtoto, kwa mujibu wa Katiba, ni mtu yeyote ambaye hajatimiza umri wa miaka 18.

Mzazi aliyesalia

Jambo la kwanza ambalo jamaa hulisahau ni kwamba mzazi mmoja anapofariki, mwenzake hapotezi haki wala wajibu wake. Katiba inawapa mama na baba wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe walioana au la.

Kwa hivyo, ukoo wa marehemu hauna mamlaka ya kumpokonya mjane watoto wake kwa kisingizio kwamba mahari haikukamilika au ndoa haikusajiliwa. Anayeamini kuwa mzazi aliyesalia hafai kuwalea watoto anapaswa kuwasilisha malalamishi yake kortini, wala si kuwahamisha watoto usiku.

Namna ya kumteua mlezi

Mzazi aliye hai anaweza kumteua mtu atakayekuwa mlezi wa watoto wake baada ya kifo chake. Hufanya hivyo kupitia wasia au hati maalumu, na ni lazima sahihi yake ishuhudiwe na watu wawili. Ni vyema mashahidi wa wasia wasiwe miongoni mwa wanaorithi, kwa kuwa shahidi aliyeachiwa mali katika wasia huo huo anaweza kuipoteza zawadi hiyo ikiwa hakuna mashahidi wengine wawili.

Iwapo wazazi wote wamefariki au hawajulikani waliko, na hakuna mlezi aliyeteuliwa, Mahakama ya Watoto inaweza kumteua mtu. Anayetaka jukumu hilo huwasilisha ombi, na mahakama inaweza kumwagiza afisa wa watoto kuchunguza hali ya nyumbani na kuandaa ripoti. Maoni ya mtoto mwenyewe pia husikizwa kulingana na umri na ufahamu wake.

Kwa kawaida ulezi huo hukoma mtoto anapotimiza miaka 18. Mahakama inaweza kuuongeza muda ikiwa ana ulemavu au maradhi yanayomfanya ashindwe kujitegemea.

Mali ya yatima

Hapa ndipo mizozo mingi huzuka. Mlezi aliyekabidhiwa mali ya mtoto haimiliki mali hiyo. Anaishikilia kwa niaba ya mtoto tu. Anatakiwa kuilinda isiharibike, kudai madeni ambayo mtoto anastahili kulipwa, na kutoa hesabu ya mapato na matumizi. Akiitumia vibaya, anaweza kulazimishwa kuilipa. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na katika suala hili sheria inakubaliana nao.

Fauka ya hayo, kuteuliwa kuwa mlezi hakumpi mtu idhini ya kugawa mali ya marehemu. Kazi hiyo iko chini ya Sheria ya Urithi, na hufanywa na wasimamizi wa mirathi waliopewa barua na mahakama. Anayeuza, kukodisha au kugawa mali ya marehemu bila idhini hiyo anatenda kosa la jinai, na anaweza kufungwa jela hadi mwaka mmoja, kutozwa faini, au kupewa adhabu zote mbili.

Marehemu asipoacha wasia, na miongoni mwa warithi kukiwa na mtoto, sheria hairuhusu usimamizi kupewa mtu mmoja peke yake. Ni sharti wasimamizi wawe wawili au zaidi, lakini wasizidi wanne, isipokuwa kazi hiyo inapopewa Mdhamini wa Umma au shirika la udhamini. Lengo ni kuhakikisha kuwa kila mmoja anamchunga mwenzake.

Ombi la usimamizi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kwa kawaida miezi sita hupita kabla ya mahakama kuidhinisha ugavi, na ni lazima warithi wote watajwe pamoja na mafungu yao. Jina la mtoto likiachwa nje ya barua ya chifu inayoorodhesha warithi, huo ndio mwanzo wa dhuluma. Jamaa wanaogundua njama ya kuuza shamba la yatima wanaweza pia kuomba zuio liwekwe katika ofisi ya usajili wa ardhi.

Malezi ya kambo

Kuna watoto ambao hawana jamaa wa kuwachukua. Kwa hao, sheria imeweka malezi ya kambo, ambapo mtoto hukabidhiwa familia isiyo ya ukoo wake imtunze kwa muda. Familia hiyo huchunguzwa kwanza, kisha huendelea kusimamiwa na maafisa wa watoto.

Mzazi wa kambo wa aina hii hulisha, huvisha na kusomesha, ila hawi mzazi kisheria. Mtoto anaweza kurejeshwa kwa jamaa zake wakipatikana, na hana haki ya kumrithi anayemlea.

Mpango huu umepewa msukumo na Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi ya Watoto wa 2022 hadi 2032, unaokusudia kuwaondoa watoto katika makao ya kuwalelea na kuwarejesha katika familia. Makao hayo yanafaa kuwa kimbilio la mwisho.

Kuasili na kafala

Kuasili ni hatua nzito zaidi. Amri ya kuasili hukata uhusiano wa kisheria baina ya mtoto na wazazi waliomzaa, na kumfanya kuwa mtoto wa wazazi wapya, mwenye haki ya kuwarithi.

Waislamu wana utaratibu wa kafala, ambao sheria ya 2022 imeutambua. Katika kafala, mtoto hutunzwa kikamilifu lakini hubaki na nasaba yake, wala hamrithi mlezi kama mtoto wa kuzaa. Hata hivyo, mlezi anaweza kumuusia sehemu ya mali yake, mradi wasia huo usizidi thuluthi moja. Ifahamike pia kwamba mirathi ya Mwislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, na aghalabu mashauri yake hupelekwa katika Mahakama ya Kadhi.

Hatua za kuchukua

Anayemlea mtoto wa jamaa aliyefariki anashauriwa kuhifadhi vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vyeti vya vifo vya wazazi, na nakala za hati za ardhi na akaunti. Kisha amwone afisa wa watoto katika kaunti ndogo anakoishi, ambaye atamwelekeza kuhusu ombi la ulezi. Kisa cha dhuluma dhidi ya mtoto kinaweza kuripotiwa bila malipo kwa nambari 116.

Kwa wazazi walio hai, hatua ni nyepesi zaidi: kuandika wasia, kumtaja mlezi, na kumweleza mlezi huyo mapema. Kikao cha matangani huwa na watu wengi wenye huruma, lakini huruma hiyo haimlindi mtoto anayefukuzwa katika nyumba ya babake miaka mitano baadaye. Kinachoweza kumlinda ni amri ya mahakama, au karatasi iliyotiwa sahihi na mzazi angali hai.