Kiswahili katika studio ya New York, 1960

Mwanzoni mwa santuri inayoitwa Uhuru Afrika, mwanamume anasoma shairi kwa Kiswahili. Ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, na ukoo wake msomaji wa Makete atautambua bila kuuliza. Mwaka ni 1960, mji ni New York. Walio pamoja naye studioni ni wanamuziki wa jazz zaidi ya 20, wengi wao watu wenye bendi zao wenyewe: Clark Terry na Freddie Hubbard kwenye tarumbeta, Slide Hampton kwenye tromboni, Yusef Lateef na Cecil Payne kwenye saksafoni, Ron Carter kwenye besi, Max Roach kwenye dramu. Bendi kubwa namna hiyo ilikuwa ghali hata kwa kampuni yenye fedha, na aliyeiita hakuwa nyota wa mauzo. Alikuwa mpiga piano wa Brooklyn mwenye umri wa miaka 34, mrefu wa karibu mita mbili, jina lake Randy Weston.

Baba yake, Frank Weston, alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey, na alimlea kijana wake akimwambia kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Alikuwa pia na mkahawa uliokuwa wazi usiku na mchana, na wanamuziki walipomaliza kazi zao za alfajiri walikuja kula na kubishana hapo. Max Roach alikuwa jirani. Nyumbani kwa Roach, kijana Weston aliwaona kwa macho watu ambao wengine waliwajua kwa santuri tu.

Ndio waliokuwa wameugeuza muziki. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, katika ukumbi wa Minton's kule Harlem, Kenny Clarke aliuhamisha mwendo kutoka dramu kubwa ya mguu akaupeleka juu kwenye toazi, na dramu ya mguu akaiacha kwa mishindo ya kushtukiza. Charlie Parker na Dizzy Gillespie wakaongeza kasi, wakapita juu ya nyimbo zilezile za zamani kwa njia ambazo mpulizaji wa kawaida hakuweza kuzifuata. Mtindo huo ukaitwa bebop. Ulikuwa muziki wa bendi ndogo, wa watu watano au sita, na watu walikuja kuusikiliza zaidi kuliko kuuchezea. Msomaji aliyelelewa na Dar es Salaam Jazz au Morogoro Jazz asitafute rumba humo. Ni mambo mawili tofauti kabisa yaliyogawana jina.

Weston hakuvutwa na kasi. Aliyemteka ni Thelonious Monk, ambaye katika kundi hilohilo alipiga piano kwa noti chache, nzito, zenye pengo katikati, wakati mwingine zikigongana makusudi. Weston alimsikia kwanza akiwa na Coleman Hawkins, na hakumwelewa. Baadaye akaenda kwake, na kwa miaka kadhaa akaendelea kwenda, akijifunza kutoka kwa mtu asiyependa kueleza. Monk alipiga, Weston alisikiliza. Alipotoa albamu yake ya kwanza kwa kampuni ya Riverside mwaka 1954, mkono wake wa kushoto tayari ulikuwa unashuka chini kabisa ya kinanda, na haukuondoka huko hadi uzee wake.

Afrika haikuwa ngeni katika jazz ya wakati ule. Mwaka 1947 Gillespie alimwingiza Chano Pozo wa Kuba na tumba zake katika bendi yake kubwa, na baada ya hapo majina ya Kiafrika yakaanza kuonekana kwenye santuri moja baada ya nyingine. Art Farmer alirekodi Mau Mau mwaka 1953, wakati vita vyenyewe vikiendelea Kenya. Clark Terry alipiga Swahili mwaka 1955. Buddy Collette akatoa Tanganyika, na mwaka 1958 Wilbur Harden na John Coltrane wakarekodi Tanganyika Strut. Kwa jina, basi, Afrika Mashariki ilishafika. Lakini ukiondoa jina, nyingi ya nyimbo hizo zinabaki hard bop ya kawaida, yaani bebop iliyorudishiwa mwendo wa kanisani na blues. Jina lilikuwa kama kibao cha duka ambacho hakibadilishi bidhaa zilizo ndani. Silisemi hilo kwa dharau. Tanganyika Strut ni muziki mzuri. Ila Tanganyika haimo.

Weston alitaka iwemo, na kwa hilo alimhitaji Melba Liston. Liston alizaliwa Kansas City mwaka 1926, akakulia Los Angeles, akapuliza tromboni katika bendi ya Gerald Wilson na kisha ya Gillespie, mwanamke karibu peke yake katikati ya wanaume. Alipanga muziki vizuri kuliko wengi waliolipwa kumzidi. Weston alikuwa na tuni na mdundo. Liston ndiye aliyeamua nani apulize nini, lini, na nani anyamaze. Walishafanya pamoja albamu ya Little Niles mwaka 1958, yenye nyimbo ambazo Weston alizitunga kwa mwendo wa waltz wa mapigo matatu kwa ajili ya watoto wake.

Uamuzi wa kutumia Kiswahili ulipita Umoja wa Mataifa. Weston alitaka lugha moja ya Kiafrika katika kazi hii, akawauliza Waafrika waliokuwa pale New York, wakamwelekeza kwenye Kiswahili. Kuwakuta Watanganyika huko si ajabu: nchi ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja huo, na Julius Nyerere mwenyewe alishakwenda kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini mwaka 1955. Kufikia Septemba 1960 alikuwa Waziri Kiongozi. Mwaka huohuo nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Shairi alilosoma Sanga liliandikwa na Langston Hughes, mshairi wa Harlem, ambaye Novemba ya mwaka huo pia alialikwa Lagos kushuhudia Nnamdi Azikiwe akiapishwa kuwa Gavana Mkuu wa Nigeria.

Santuri ina sehemu nne: Uhuru Kwanza, African Lady, Bantu na Kucheza Blues. Kitu cha kusikiliza ni namna bendi ilivyojengwa kuanzia chini. Kuna mabesi mawili. Kuna wapiga dramu watatu. Kando yao kuna Babatunde Olatunji wa Nigeria, na Candido na Armando Peraza wa Kuba. Liston hakuwaweka pembeni kama pambo. Anawaachia nafasi ndefu, na vyombo vya kupuliza vinaingia juu yao kwa sauti nzito za chini, vikijibu ngoma badala ya kuziongoza. Katika bendi kubwa za miaka ya 1930 mambo yalikuwa kinyume chake. Bantu ndiyo sehemu inayoonyesha hilo vizuri zaidi, na kwangu ndiyo kilele cha kazi yote. African Lady, yenye maneno ya Hughes, inaimbwa na Martha Flowers na Brock Peters kwa sauti za opera, na hapo umri wa santuri unasikika. Upangaji wa Liston ndio unaoiokoa. Kucheza Blues ni sherehe, na watu wanapeana zamu ya solo bila haraka.

Iliyoitoa ni Roulette, kampuni ya Morris Levy, mwenye klabu ya Birdland. Uhuru Afrika haikumtajirisha mtu. Serikali ya Afrika Kusini, hata hivyo, iliona inastahili kupigwa marufuku mwaka 1964, pamoja na santuri ya Lena Horne.

Weston alifika Lagos kwa mara ya kwanza mwaka 1961, akarudi tena 1963. Mwaka 1967 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilimpeleka kuzunguka Afrika Magharibi na Kaskazini, na baada ya hapo akahamia Morocco, akafungua klabu Tangier, akajifunza kwa wapigaji wa Gnawa, watu ambao mababu zao walivushwa jangwani kama watumwa. Mei ya mwaka huohuo Hughes alifariki. Katika mazishi yake Harlem, Weston alipiga blues kwa piano, kama marehemu alivyoelekeza.

Kiswahili kiliendelea kutembea bila wao. Kufikia mwaka 1971 Herbie Hancock alijiita Mwandishi, na wenzake katika bendi walikuwa Mganga, Mchezaji, Jabali. Hayo ni majina ya kujivika, na kizazi hicho kilikuwa na sababu zake za kuyavaa.

Liston alikwenda kufundisha Jamaika katika miaka ya 1970. Kiharusi kilimpata mwaka 1985, tromboni ikaishia hapo, akaendelea kupanga muziki kwa kompyuta. Uhuru Afrika iliuzwa kwa jina la Weston. Mwaka 1993, miaka sita kabla ya Liston kufariki, walitoa pamoja Volcano Blues, na safari hii albamu ilitoka kwa majina yao wote wawili.