Hukumu Tangulizi, si Upendeleo

Swali la kama ni kosa katika uchumba kuvutwa na watu wa kabila moja na kuwakwepa wa jingine halitajibika huku Mahagi maadamu tunaliuliza kwa neno lililokwisha kulijibu. Neno lenyewe ni "upendeleo wa kikabila", zawadi ya wanakamati wa istilahi ambao, yaelekea, hawakulitamka kwa sauti hata mara moja. Penda huzaa pendea, pendea huzaa pendelea, na kila kiambishi huongeza uzito upande mmoja wa mizani. Hata tukifika kwa mwalimu mwenye upendeleo, hakuna anayemdhania mema. Kuuliza kama upendeleo ni dhuluma basi ni kuuliza kama maji hulowesha. "Ubaguzi", kipenzi cha kundi jingine, hapo kale ulikuwa kutenga tu, kama mtu atengavyo mbegu na makapi. Lakini tangu Makaburu wa Afrika Kusini umebeba serikali nzima mgongoni, na kwa mambo ya uchumba ni mzito mno.

Kwangu yanatosha mawili: "mvuto", kwa kuwa anayevutwa hajivuti, na "hukumu tangulizi", kwa kuwa hukumu, neno tulilolipokea kwa Waarabu, hudai ushahidi, na hii imeingia barazani kabla ya shahidi. Mvuto huja uso ukishaonekana; hukumu tangulizi humaliza kazi kwenye jina la ukoo. Tazama jirani zetu wa Djugu. Wahema na Walendu walikuwa wakioana. Vita vilipoanza 1999, ndoa hizohizo zikageuka hatari. Nyuso hazikubadilika. Na kabla ya hapo Wabelgiji walikwisha kuwaweka Wahema juu kwa nadharia yao ya Wahamiti, kana kwamba macho nayo huhitaji mkoloni. Huku kwetu mwanaanthropolojia Southall, katika kitabu chake cha 1956, alieleza jinsi Walendu na Waokebo, mabingwa wa chuma, walivyomezwa polepole na Waalur: chini ya watemi, ni kweli, kwa hiyo hata ukaribu huo ulifuata madaraka.

Watasema moyo hauamriwi. Sawa, wala istilahi haimdai mtu posa. Aliyefiwa vitani ana hofu yenye chanzo, nami siidharau. Ila chanzo hakiigeuzi hukumu kuwa mvuto, kwa sababu anayekataliwa hakuwapo siku ile.

Matumizi: "ana hukumu tangulizi juu ya Waokebo", wingi haubadiliki. Wanaolalamikia urefu wahesabu kwanza silabi: wao 10, mimi 7.