Kabla ya kupiga klipu Likasi, jueni nani alitangulia kurekodi

Ndugu zangu, kila mara TP za mwisho wa mwaka zikikaribia, telefoni yangu inajaa klipu za muziki. Wanafunzi wa Likasi wanazipiga wenyewe: mmoja anaimba, mwingine anashika kamera, wa tatu anabeba spika. Profesa anatoa pointi, klipu inazunguka kwenye WhatsApp siku mbili tatu, halafu basi. Hakuna anayeiita historia. Mimi nasema ni historia kabisa, na leo nataka kueleza sababu.

Tuanze na muji wenyewe. Likasi iko karibu kilometa 120 kutoka Lubumbashi, kwenye njia ya Kolwezi. Wazee wetu wengi walizaliwa wakati ingali inaitwa Jadotville. Jina hilo lilitoka kwa Jean Jadot, mukubwa wa Société Générale ya Ubelgiji, ile nguvu ya feza iliyokuwa nyuma ya Union Minière du Haut-Katanga. Kampuni iliundwa mwaka wa 1906. Muji ulipata jina la Likasi mwaka wa 1966, na mwaka uliofuata kampuni ikaingia mikononi mwa serikali, ikawa ile tunayoiita leo Gécamines.

Kazi ya shaba ilileta watu kutoka Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini na vijiji vya Katanga yenyewe. Walikutana kambini, kila mutu na luga yake, na Kiswahili njo kikawa cha wote. Mutu akipata mushahara, alianza kuota baiskeli, cherehani, gramofoni ao gitaa. Gitaa lilikuwa rahisi kubeba, na jioni lilikuwa na wasikilizaji tayari.

Kati ya vijana wa gitaa alikuwa Mwenda Jean Bosco, mutoto wa Bunkeya, aliyezaliwa mwaka wa 1930 kwa Bayeke, watu wa mwami Msiri. Mwaka wa 1952 mwingereza mmoja, Hugh Tracey, aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, alifika Jadotville na mashini zake za kurekodi. Akamukuta Mwenda, akamurekodi. Moja ya nyimbo hizo ni "Masanga". Ni gitaa moja tu, lakini ukisikiliza utaapa kwamba watu wawili wanapiga: kidole gumba kinashika besi, vidole vingine vinakwenda njia yao, na hawagongani.

Sahani ilitoka Afrika Kusini ikaruka mipaka. Wapiga gitaa wa Kenya waliiga vidole vya Mwenda, naye mwenyewe akaenda Nairobi, akasikika sana kwenye redio kule. David Rycroft, mutaalamu wa muziki, aliandika mwaka wa 1961 na 1962 katika jarida African Music kueleza namna vidole vile vinavyotembea. Mwaka wa 1969 Mwenda alipanda jukwaa la Newport, Marekani. Alikufa kwa ajali ya gari mwaka wa 1990.

Sasa jiulizeni: ile tepu ya 1952 iko wapi? Mwaka wa 1954 Tracey aliunda International Library of African Music, nyumba ya kuhifadhi muziki wa Afrika. Leo nyumba hiyo iko Rhodes University, katika muji wa Makhanda, Afrika Kusini. Sauti iliyotoka katika barabara zetu inalala kule.

Lakini tusikimbilie kulia juu ya wazungu. Tracey alikuwa na tabia moja ambayo sisi hatuna. Kila aliporekodi, aliandika: mwimbaji ni nani, luga gani, chombo gani, fasi gani, mwaka gani. Aliendelea hivyo mpaka akatoa sahani 210 za mufululizo wa Sound of Africa. Juu ya maandishi hayo njo leo tunaweza kusema "Mwenda, Jadotville, 1952" bila kubahatisha. Vijana wengine waliopiga gitaa jioni zile zile kule Panda na Kikula, na ambao mashini haikuwafikia, majina yao yamekwenda nao kaburini.

Upande wa picha, mambo ni magumu zaidi. Mwaka wa 2016 ilitoka filme The Siege of Jadotville, ya Richie Smyth, kwenye Netflix. Inaeleza vita vya Septemba 1961, wakati wa Katanga ya Tshombe: askari wa Irlande zaidi ya 150, waliotumwa na Umoja wa Mataifa chini ya kamanda Pat Quinlan, walizungukwa siku tano, wakaishiwa na risasi na maji, wakajitoa bila hata mmoja wao kufa. Ni filme nzuri, niliiangalia mara mbili. Lakini barabara munazoziona mule si za kwetu. Ilipigwa Afrika Kusini. Tena hadithi inafuata askari. Wakaaji wa muji, ndiyo kusema babu na bibi zetu, si wao wanaobeba habari. Dunia nzima imeona "Jadotville" bila kuona Likasi.

Mutu wa Katanga anaweza kushika kamera mwenyewe, tena tuko na mufano. Sammy Baloji, mutoto wa Lubumbashi aliyesomea chuo kikuu pale pale, alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa kampuni akaziweka ndani ya picha za viwanda vya Gécamines vilivyochakaa. Kazi hiyo aliiita Mémoire, na imeonyeshwa inchi nyingi. Mwaka wa 2008 yeye na wenzake walianzisha maonyesho ya Picha kule Lubumbashi. Hakungoja mutu wa mbali aje amuonyeshe kwamba ukuta wa kiwanda uko na habari.

Sasa turudi kwa TP. Mwaka jana wanafunzi wanne waliniomba niangalie klipu yao kabla ya kuitoa. Walitaka bomba la moshi la Shituru likae nyuma ya mwimbaji, lakini mulinzi aliwaambia hapa picha hapana. Wakahamia kiwanja kimoja cha Kikula. Jirani, muzee wa miaka zaidi ya 70, aliposikia spika akatoka na gitaa lake akaanza kufuata wimbo. Wakamupiga picha sekunde 20 hivi, na kwa macho yangu hizo sekunde zinashinda klipu yote.

Mwishoni yakapita majina: mwimbaji, mutengeneza biti, mwenye kamera, profesa, hata rafiki aliyewaazimisha moto. Muzee, hapana. Nikauliza anaitwa nani. "Sisi tunamuitaka tu Papa wa gitaa."

Nikawaambia warudi. Walirudi na daftari, wakakaa naye saa mbili. Wakajua jina lake, kijiji alichotoka, mwaka aliofika Likasi, idara aliyotumika, na kwamba wakati wa Zaïre alikuwa akipiga katika orkestra ya baa. Yeye aliomba kitu kimoja tu: wamuwekee klipu kwenye telefoni ya mujukuu wake.

Kwa hiyo, ninyi munaopiga klipu mwaka huu, nawaomba mambo matatu, na hayana bei. Moja, andikeni majina ya wote wanaoonekana na wote wanaosikika, pamoja na fasi na tarehe. Pili, musitupe picha ambazo hazikuingia. Kile mulichokata kinaweza kuwa njo kile kitatafutwa baada ya miaka 30. Tatu, kopi moja ibaki kwenye maktaba ya chuo na nyingine kwa watu wenyewe, kwa sababu telefoni inaibiwa na WhatsApp inafutika.

Mwaka wa 1952 mashini ya kurekodi ilibebwa kutoka mbali, na aliyekuja nayo njo alichagua nani atakumbukwa. Leo mashini iko mufukoni mwa kila mwanafunzi, na kuchagua kumebaki kwetu.

Wewe uliyesomea Likasi, unamujua muzee ao mama anayepiga ama kuimba mutaani kwenu? Andika jina lake hapa chini, na mutaa wake. Tuanze orodha.