Kutoka kofia ya Gécamines hadi shimo la KOV

Wazee wa Kolwezi walizoea kusema kazi ndiyo baba, ndiyo mama. Kwanza Union Minière, kisha Gécamines tangu 1967, ilimpa mfanyakazi nyumba, unga, hospitali na kofia ya mgodini.

Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka chini ya ardhi, na uzalishaji ukaanguka. Kuanzia 2003 Gécamines iliachisha kazi watu zaidi ya 10,000. Wengi walishika sululu, wao na watoto wao.

Mwaka 2002 zilitoka sheria mbili. Sheria ya Kazi ilimtwika mwajiri usalama wa mfanyakazi. Sheria ya Madini ilimruhusu mchimbaji wa mikono, ila katika maeneo yaliyotengwa tu. Huyu hana mwajiri. Nani atamvalisha kofia?

Tarehe 27 Juni 2019 kingo za shimo la KOV ziliwaangukia wachimbaji. Gavana alitaja maiti 43. Kampuni ilisema waliingia bila ruhusa. Ikasema pia kwamba watu wapatao 2,000 huingia katika eneo lake kila siku.

Hatari inayojulikana hivyo haiwezi kuachiwa marehemu peke yake. Mwenye eneo, serikali na mchimbaji, kila mmoja ana sehemu yake.